Jibu: X442 inatikisa boti? Shafti kwanza, kisha kunoa, kusawazisha mwisho

Mdogo wangu wa Goma, nimesoma swali lako. Umeletewa propela ya shaba, Octura X442, umeifunga jinsi ilivyotoka kwenye pakiti, na sasa ukitia gesi yote boti yako ya rimoti inatetemeka mpaka kifuniko kinalia, na pua inapinda upande. Unauliza kama unaweza kuinoa kwa tupa na kuisawazisha nyumbani bila kununua kifaa cha kusawazishia. Unaweza. Ila tupa ikae kwanza.

Mimi niko Bukavu, kazi yangu ni mota za kanoti, na boti ndogo za rimoti ni ugonjwa wangu wa Jumapili. Boti nyingi ninazoletewa nisawazishe propela zina shida mahali pengine kabisa. Toa shafti, uivingirishe juu ya kioo cha dirisha kilicholazwa mezani. Ukiona mwanga chini yake unafunguka na kufunga, imepinda, na hapo propela haina kosa. Ikiwa nyoofu, irudishe mahali pake, uitikise kwa vidole karibu na bushi ya nyuma, ile pete inayoishikilia shafti. Ikicheza, badilisha bushi. Kwenu hilo ni la kuangalia mara kwa mara, maana mchanga wa ufukwe wa Goma ni lava iliyosagika, ukishaingia kwenye grisi unakula bushi na shafti pamoja. Angalia pia kile kipande kinachoisukuma propela: skrubu yake ndogo ikiwa imekazwa shafti ikiwa na uchafu, kinakaa mshazari.

Shafti ikiwa safi, sasa tuongee propela.

Hizi Octura huuzwa zikiwa mbichi. Zinatoka kwenye kalibu zikiwa nene, ukingo butu, na mnunuzi ndiye anayemalizia kazi, kwa hiyo hujauziwa kitu kibovu. Namba yake inakueleza mengi: 42 ni kipenyo kwa milimita, na ile 4 ya mwanzo ni uwiano wa 1.4, yaani kila mzunguko ingeenda mbele kipenyo mara 1.4, sawa na 58.8 mm, kama maji yasingeteleza. Umesema mota yako ni KV 2000, yaani mizunguko 2000 kwa dakika kwa kila volti, na betri ni ya seli 3, volti 11.1. Bila mzigo hiyo ni mizunguko 22,200 kwa dakika. Majini inashuka, tuseme 20,000. Kwa kasi hiyo, gramu 0.1 tu iliyozidi kwenye panga moja la propela, 20 mm kutoka katikati, inavuta shafti kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo moja, na mvuto huo unazunguka pande zote zaidi ya mara 300 kila sekunde. Kifuniko kisilie kwa nini?

Kunoa kunatangulia kwa sababu tupa yenyewe inaondoa uzito. Ukisawazisha leo na kunoa kesho, ya leo umeifanya bure.

Kabla ya hapo, jambo ambalo sitalipita haraka. Shaba ya Octura imechanganywa na metali iitwayo beriliamu. Katika shaba ya aina hii beriliamu huwa kidogo, kama asilimia 2 hivi, lakini vumbi lake likiingia mapafuni linaweza kuyaharibu kabisa, na ugonjwa huo unaweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Ukiishika kwa mkono haina neno. Vumbi ndilo baya. Kwa hiyo hakuna kuiweka kwenye jiwe la umeme, hakuna msasa mkavu, hakuna kupuliza kwa mdomo ili uone vizuri. Tupa na msasa vyote vifanye kazi majini, ndani ya beseni yenye maji na sabuni kidogo, na wewe uvae barakoa nzuri, siyo kitambaa. Ukimaliza, pangusa meza kwa tambara bichi, lifunge kwenye mfuko ulitupe, ufue nguo zako peke yake. Beseni hiyo isirudi jikoni. Na usinijibu kwamba yako haifanani na beriliamu. Kwa macho hakuna anayeweza kutofautisha, mimi nikiwemo, kwa hiyo kila propela ya shaba ninayoletewa naichukulia kuwa nayo mpaka muuzaji athibitishe vingine. Kuna mafundi hapa wanazinoa kwenye grainda, watoto wamewazunguka wakitazama. Mimi huwa naondoka.

Tuendelee. Kila panga lina nyuso mbili. Uso unaoangalia nyuma ya boti ndio unaosukuma maji, na huo usiuguse kabisa, kwa sababu umbo lake ndilo ulilolipia. Upande wa pili, unaoangalia boti, tuuite mgongo. Kazi yote inafanyika mgongoni. Paka uso unaosukuma wino wa kalamu ya maka, ule usiotoka kwa maji. Wino ukianza kufutika mahali, tupa imekosea njia.

Tafuta ukingo wa mbele, ule unaotangulia kuingia majini propela ikizunguka. Makosa hutokea hapa, maana kuna wanaonoa ukingo wa nyuma. Ukingo wa nyuma kwenye propela za juu ya maji kama yako, zile ambazo nusu yake iko hewani boti ikikimbia, unatakiwa ubaki na kona kali ya mraba ili maji yaachane nao kwa usafi. Usiuviringe. Weka kipande cha mti mlaini chini ya panga, ulibane kwenye jiliwa ndogo ndani ya beseni bila kukaza sana, kisha sukuma tupa laini kutoka mgongoni kuelekea ukingo wa mbele, kwenye ukanda wa milimita 4 au 5. Piga idadi ileile ya tupa kila panga na ubadilishe mara kwa mara: 20 huku, 20 kule. Ukimaliza panga moja kabisa ndipo uende la pili, mkono unakuwa umechoka na hayatafanana.

Ukali kiasi gani? Wanaoshindana hunoa mpaka ukingo unakata ngozi. Maji yao ni masafi. Huku Bukavu chupa na mifuko inaelea ghubani hadi inakwenda kuziba bwawa la Ruzizi, na ukingo mwembamba kama wembe unapigwa jino siku ya kwanza. Mimi naacha unene mdogo, kama robo ya milimita, na boti zangu hazilalamiki. Kama unakimbizia penye maji safi, punguza zaidi. Baada ya tupa, msasa wa maji namba 240, halafu 400, halafu 600. Kung'arisha mpaka ujione usoni ni mapambo. Kasi niliyopata kutoka hapo siwezi hata kuipima.

Sasa kusawazisha. Rafiki mmoja alitaka apime propela kwenye mizani ya wachuuzi wa dhahabu, hapa mjini ni mingi, inasoma hadi gramu 0.01. Mizani itakwambia propela nzima ina uzito gani. Haitakwambia uzito huo umekaa panga lipi. Unachohitaji ni nyembe mbili mpya na kipande cha mti. Chana mifereji miwili iliyo sambamba, simamisha nyembe makali yakitazama juu, kimo kimoja, na uhakikishe kwa pimamaji kwamba hazielekei upande wowote. Kisha ufito wa chuma ulionyooka unaoingia kwenye tundu la propela bila kucheza. Tundu lako ni 4.76 mm, kwa hiyo kipande cha shafti mpya ndicho rahisi kupata. Futa mafuta yote kwenye ufito, weka juu ya nyembe, funga madirisha. Upepo mdogo tu wa ziwa unaharibu kipimo.

Panga zito litashuka lenyewe. Lipunguze mgongoni, kuanzia katikati kuelekea ncha, kwa msasa na si kwa tupa, kidogo kidogo, na kipenyo usikiguse. Karibu na ncha punje ndogo ina nguvu kuliko ukipunguza karibu na kitovu, ndiyo maana watu hupunguza kupita kiasi bila kujua na panga la pili linakuwa zito. Kausha propela kila mara kabla ya kupima. Tone la maji kwenye kitovu linatosha kukudanganya.

Mapanga yakikaa mlalo bila kushuka, wengi husema wamemaliza. Bado. Simamisha propela, panga moja juu na jingine chini, uachie. Ikianguka kulia au kushoto, uzito umezidi upande mmoja wa kitovu, na hapo ndipo pa kupunguza, si kwenye mapanga. Kisha shikilia ufito, zungusha propela nusu mzunguko juu yake, urudie yote. Jibu likibadilika, ulichokuwa unapima ni uwazi kati ya tundu na ufito. Zungushia ufito karatasi nyembamba ya sigara uanze tena.

Kifaa cha sumaku kinafanya kazi hiyohiyo na hakisumbuliwi sana na msuguano. Ukikipata kwa mtu anayetoka Kigali au Kampala, sawa, lakini usikisubiri.

Kwa wengine waliouliza humu chini: propela za plastiki kwangua mabaki ya kalibu tu na uzisawazishe, ukingo mkali haukai. Na yule aliyetengeneza mfano wa meli ya abiria ya Goma hadi Bukavu, propela yake iko chini ya maji muda wote na inazunguka polepole. Hiyo isinolewe kabisa. Ukingo wa mbele wa mviringo ndio unaoifaa, ukali utakuletea mapovu na kelele.

Betri itolewe kabla ya kuifunga tena. Propela iliyonolewa haijali kidole ni cha nani.

Ule mpindo wa pua siwezi kuusemea kabla ya mtetemeko kuisha. Jaribu kwanza, halafu uandike hapa joto la mota baada ya dakika 2 za kukimbiza. Ikiwa huwezi kuishika, 42 ni kubwa kwa betri hiyo. Ukishuka hadi X440 mzigo unapungua kama moja ya tano kwa mizunguko ileile, na ninayo moja hapa niliyokwisha kuinoa.