Mimba, hedhi na moyo: majibu kwa wasomaji wa Kusini

Barua za safari hii zimetoka Tandahimba hadi Kilwa. Wengi wameuliza habari ya mimba, hedhi au uzazi wa mpango, wala hawakutaja moyo. Sisi tumelazimika kuutaja.

Mimba ya kwanza nilipata kifafa cha mimba, miaka minne sasa. Presha ilishuka nilipojifungua, na sisikii chochote. Bado nahitaji kupima? — Mama, Tandahimba

Unahitaji, na si kwa mwaka huu tu. Mwanamke aliyepata presha ya mimba pamoja na protini kwenye mkojo, ile hali inayotangulia kifafa, hatari yake ya ugonjwa wa moyo na kiharusi huko mbele ni kama mara mbili ya mwenzake. Presha ya kudumu nayo humjia mapema. Kondo likishatoka, wengi presha hushuka ndani ya wiki 6 hadi 12, lakini utando wa ndani wa mishipa ya damu uliokwisha kujeruhiwa haurudi sawasawa na zamani. Kutosikia chochote hakusemi kitu hapo. Presha haina maumivu.

Pima angalau mara moja kwa mwaka, hata zahanati ya kijijini inatosha, ila ipimwe inavyotakiwa. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, miguu isipishane. Mkono uwekwe mezani, usawa wa moyo. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene, namba hupanda kwa uongo. Ukiongea mashine ikisoma, vilevile. Wapime mara mbili, wakipisha dakika moja. Ikifika 140/90 au zaidi kwa siku mbili tofauti, hiyo ni presha ya kutibiwa.

Ukitaka mtoto wa pili, wahi kliniki kabla mimba haijafika wiki 12. Wenye historia kama yako huanzishiwa aspirini ya dozi ndogo, miligramu 75 hadi 150 kwa siku, kabla ya wiki 16. Ikichelewa, faida hupungua. Usijianzishie dukani. Na ile kadi ya kliniki ihifadhi pamoja na vyeti vyako, maana daktari atakayekupima ukiwa na miaka 50 atakuuliza habari za baba na mama yako, na huenda asikumbuke kuuliza habari za mimba zako.

Niliambiwa nina sukari ya mimba. Mtoto ana miezi minane, nikachomwa kidole asubuhi, wakasema imeisha. Nimepona? — Dada, Mtwara mjini

Kidole cha asubuhi hakitoshi, dada. Wengi wa aina yako sukari yao ya kabla ya kula ni nzuri. Inayoleta shida ni ya baada ya chakula. Kipimo kinachofaa hufanywa wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, na wewe umeshachelewa kidogo, kwa hiyo usingoje tena. Unalala bila kula kwa muda wa saa 8 au zaidi, maji matupu ruksa. Asubuhi unatolewa damu, unakunywa gramu 75 za glukosi iliyoyeyushwa kwenye maji ndani ya dakika 5, kisha unakaa saa mbili. Usitembee kwenda sokoni, usile hata korosho moja, ndipo unatolewa damu tena. Ya kwanza ikiwa 7.0 (kwa kipimo cha mmol/L) au zaidi, au ya pili 11.1 au zaidi, inaashiria kisukari. Ya pili ikiwa kati ya 7.8 na 11.0, umesimama mlangoni.

Majibu yakiwa mazuri, rudia kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Endelea kunyonyesha, kunasaidia kuishusha hatari. Tunalisisitiza hili kwa sababu kisukari humwongezea mwanamke hatari ya moyo kuliko kinavyomwongezea mwanamume.

Nesi amekuta presha 150/96 akaninyima vidonge vya majira, navyo nimetumia miaka mitatu bila shida. Ananionea? — Masasi

Hakuonei. Vidonge vyenye estrojeni, homoni ya kike, hulifanya ini litoe zaidi kemikali inayokaza mishipa na kupandisha presha, na damu nayo huganda kirahisi. Kwa presha yako havifai. Lakini usiondoke mikono mitupu: mimba juu ya presha isiyotibiwa ni hatari kuliko vidonge vyenyewe. Kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa. Kijiti kinakufaa, na sindano ya miezi mitatu bado inakubalika kwa namba hiyo, ila ikifika 160/100 iachwe. Pima tena miezi michache baada ya kuacha vidonge, wengine presha hushuka yenyewe.

Nina miaka 43, hedhi imekoma mwaka jana. Wifi anasema nimepumzika mapema. — Kilwa

Wifi anaona nafuu ya kufua tu. Kwanza upimwe mimba, usicheke. Katika umri huo hutokea. Ikiwa miezi 12 imepita bila damu na hakuna sababu nyingine, huko ni kukoma mapema, maana ni kabla ya miaka 45. Estrojeni ilikuwa inailegeza mishipa yako na kuzuia kolesteroli mbaya isipande. Sasa kolesteroli itapanda, mafuta yatahamia tumboni, na moyo wako utakuwa umepoteza miaka ya kinga ambayo wenzako bado wanayo.

Pima presha, sukari na mafuta ya damu mwaka huu, kisha omba rufaa umwone daktari wa magonjwa ya wanawake, hospitali ya Sokoine pale Lindi mjini. Kwa umri wako homoni za kurudishia hufikiriwa mpaka karibu miaka 50, isipokuwa umewahi kuugua saratani ya matiti au damu kuganda. Aliyekoma kwa wakati wake hali ni nyingine: yeye anaweza kupewa kwa ajili ya joto la ghafla, si kwa kuulinda moyo.

Nina miaka 22, naona hedhi mara tatu kwa mwaka na ndevu zinaota. Picha imeonyesha vifuko vingi kwenye ovari. Wananiambia nikizaa itaisha. — Mwanachuo, Mtwara

Haiishi kwa kuzaa. Mwili wako huenda hauisikii vizuri insulini, homoni ya kushusha sukari, kongosho linaongeza dozi, na insulini nyingi inazichochea ovari kutoa homoni za kiume. Kwa hiyo nawe unahitaji kipimo cha glukosi kilichoelezwa hapo juu, pamoja na presha na mafuta ya damu. Pima pia tumbo kwa tepu ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mwisho wa kutoa pumzi ya kawaida. Wengi hupima pale sketi inapofungwa, napo si penyewe. Sentimita 80 ni onyo, 88 ni hatari kubwa. Mwenye kilo 80 akipunguza 4 tu, mara nyingi hedhi huanza kurudi. Ikikaa miezi zaidi ya mitatu bila kutoka, mwone daktari, kwani ukuta wa kizazi hunenepa.

Korosho zina mafuta. Tuache? — Newala

Newala mwache korosho? Hapana! Mafuta yake mengi si ya kuganda. Kiganja kimoja, gramu 30, kina kalori kama 170. Shida huja mkila bakuli zima, tena lenye chumvi. Tunaogopa zaidi tui zito kila siku na papa wa chumvi. Pikia tui jepesi, papa mloweke na kubadilisha maji mara mbili, na mchuzi huo usiuongeze chumvi. Chumvi yote ya mtu mzima kwa siku isizidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai, na ya papa imo humo.