Unahamia Bujumbura Kusaka Kifaransa? Kikimbie Kiswahili

Msomaji wa Ujiji ameniandikia: ana akiba ya miezi sita, anataka kuvuka mpaka wa Manyovu akaishi Bujumbura mpaka Kifaransa kikae mdomoni. Nenda, ndugu yangu. Ila usipange chumba Buyenzi. Ule ni mtaa wa Waswahili. Sokoni, msikitini, kwa fundi, kote utasalimiwa kwa lugha ya nyumbani, na akiba itaisha. Kalemie na Lubumbashi, kule Kongo, ni yaleyale.

Hata mitaa mingine, majirani huongea Kirundi. Kifaransa kiko darasani, ofisini, benki, na kwenye misa za Kifaransa. Tafuta familia ambayo watoto wao wanasomea Kifaransa, mkubaliane kabla ya kulipa kodi kwamba mezani ni Kifaransa tu. Mkataba huo ni muhimu kuliko kitanda.

Na usivuke ukiwa mtupu. Mtu akiona unakwama, kwa huruma yake atakuhamishia kwenye Kiswahili, na hapo mazoezi yamekufa. Fika kiwango cha A2, yaani cha maongezi mepesi ya kila siku, ukiwa bado Kigoma. Kwa kawaida ni saa 160 hadi 200 za kusoma, yaani saa mbili kila siku kwa miezi mitatu. B2, kiwango cha kujadili hoja bila kuhangaika, huhitaji jumla ya saa 560 hadi 650. Piga hesabu: Bujumbura utahitaji kama saa mbili na nusu za masomo kila siku, bila kuhesabu maongezi ya mtaani. Asiyetaka kuzitoa saa hizo abaki na nauli yake.

Sisi tuliolelewa na ngeli, upatanisho hautushindi. Tunachokosea ni kukariri nomino bila jinsia yake. Andika "une table" (meza, jinsia ya kike), kamwe si "table" peke yake. Kisha tofautisha matamshi ya "tu" (wewe) na "tout" (yote): kwa "tu", midomo iviringe kama ya u, ulimi ukae kama wa i. Na usishangae kwa 70 kitabu kikisema "soixante-dix" huku muuzaji anasema "septante". Warundi wamerithi hesabu ya Wabelgiji, na 90 ni "nonante".

Ukifika tu, ulizia Taasisi ya Ufaransa ya Burundi tarehe za DELF, mtihani wa cheti cha Kifaransa. Kufaulu ni alama 50 kati ya 100, lakini ukipata chini ya 5 kati ya 25 katika sehemu yoyote, umeanguka. Anayeongea vizuri bila kuandika huangukia hapo, kwa hiyo andika ukurasa mmoja kila jioni na umpe mwalimu ausahihishe.