Re: Eti fizikia ndiyo mama wa sayansi zote?

Mkuu, umeuliza kama kemia na baiolojia ni matawi tu ya fizikia. Nusu kweli. Hakuna kiumbe wala kemikali inayovunja sheria za fizikia, hapo hatubishani. Ila msingi wa nyumba haukuambii chumba kipi ni jiko.

Chukua selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Herufi moja tu ya DNA imebadilika kwenye jeni la himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni), na mahali pa sita pa mnyororo wa protini hiyo imekaa asidi amino iitwayo valini badala ya nyingine, asidi ya glutamiki. Valini haipatani na maji, kwa hiyo oksijeni ikipungua molekuli zinagandana, zinafanya nyuzi, na chembe nyekundu inapinda kama mundu. Mpaka hapo fizikia na kemia zinatosha kabisa.

Sasa uliza kwa nini jeni hilo limejaa pwani na kando ya Ziwa Victoria, lakini nyanda za juu za Kenya ni nadra. Mtafiti Anthony Allison alijibu mwaka 1954: malaria. Mwenye nakala moja ya jeni hilo ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Jibu lenyewe ni mbu, watoto waliozikwa, vizazi kwa vizazi. Kokotoa elektroni mpaka uchoke, hulioni humo.

Halafu wanafizikia nao waliwahi kuumbuka. Mwaka 1862 Kelvin alipiga hesabu ya dunia kupoa, akapata umri wa miaka milioni 20 hadi 400, akawabana kweli wanajiolojia na Darwin, waliohitaji muda mrefu zaidi. Leo tunajua ni kama bilioni 4.5. Wapasua mawe, yaani wanajiolojia, ndio waliokuwa karibu zaidi.