Miguu inavimba na usingizi hauji ndegeni

SWALI: Asalaam alaykum shangazi. Mie wa Chake Chake, mwezi ujao nampeleka mama London kwa kaka, tunapandia Unguja tunabadilisha ndege Doha. Mama ana miaka 68, miguu humvimba hata kwenye boti tu, huko atalalaje?

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Tuanze na miguu maana hiyo ndo kubwa. Safari ikipita masaa 4 umekaa tu, damu inaweza kuganda miguuni, kwa hivo mtafutie siti ya upande wa njia ainuke kila saa moja au mbili, na akikaa azungushe vifundo vya miguu, watu wakitazama watazame. Soksi za kubana famasi zipo ila kwa umri wake, na khasa kama ana sukari au alishawahi kuganda damu, muoneni daktari kwanza. Vidonge vya usingizi usimpe, atalala kama gogo asijitikise kabisa.

Usingizi wenyewe sasa, wee kaa siti ya pili yake akuegemee, ajifunike kanga halafu mkanda aufunge JUU ya kanga, wahudumu wakiuona hawana haja ya kumuamsha. Mle ndani hewa kavu mno, unyevu mara nyingi chini ya asilimia 20, maji anywe kidogo kidogo na kahawa aiache mpaka afike. Na udi mwingi msijifukize siku hiyo jamani, jirani nae ana pua.