Jibu: Vigae vimeibuka kwenye mtaro wa barabara, tufanyeje?

Ndugu, umeuliza kama mkandarasi wenu huko Malindi anaweza kuendelea baada ya tingatinga kuibua vigae (vipande vya vyombo vya kale vilivyovunjika) na msingi wa mawe. Simamisheni kwanza. Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kenya ya mwaka 2006 inataka taarifa ifike Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku 7, ikieleza mahali hasa na jinsi vitu vilivyopatikana. Na tafadhali, msiokoteokote! Kigae cha Kichina kikiwa bado kwenye tabaka lake la udongo husaidia kukadiria umri wa ukuta. Kikishatiwa mfukoni ni pambo tu. Pigeni picha mkiweka rula pembeni, zungushieni utepe. Mhandisi atalalamikia ratiba, hilo halikosi. Mwulizeni kama mtaro unaweza kusogezwa mita chache.