IST ya 2005: sura tu au na roho?

Mkuu, umeuliza kama Toyota IST ya 2005, ile iliyobadilishwa sura, inastahili kuongezewa hela juu ya ile ya 2002. Mimi nasema hapana. Show (grili ya mbele), bampa na taa za nyuma vimeguswa, sawa, inapendeza. Ila fungua boneti: ni injini ileile, 1NZ-FE ya lita 1.5, au 2NZ-FE ya 1.3.

Jumapili hapa Tabora tuliziegesha mbili chini ya mwembe, watu wakabishana taa hadi chai ikapoa. Fundi hakutusikiliza, alikuwa ameshalala chini anatikisa tairi la mbele. Ile yenye sura mpya ndiyo iliyogonga, kok, kok! Boli joint, vile viungo vinavyoshika tairi la mbele, zimekwisha. Hiyo hela weka kwenye bushi na shokapu.