Kishikwambi na hedifoni kwa maswali ya siri: nilichojifunza kazini

Mkuu umeuliza kama kumpa mtu anayehojiwa kwenye utafiti kishikwambi na hedifoni ajijibie mwenyewe kutamfanya aseme ukweli kuhusu ngono na madawa ya kulevya kuliko kuulizwa mdomo kwa mdomo, hasa mitaa ya watu wa hali ya chini ambako wengi kusoma ni shida. Mimi nasema ndiyo, ila mashine peke yake haitoshi.

Nimekusanya data miaka kadhaa, nilianzia uso kwa uso. Mama wa makamo unamuuliza amelala na wanaume wangapi na wewe una umri wa mwanae, atajibu nini? Kwa hedifoni sauti inamsomea swali na majibu, yeye anabonyeza rangi ya jibu lake tu. Marekani mwaka 1995 walilinganisha kwa vijana wa kiume wa miaka 15 hadi 19: waliojaza karatasi 1.5% walikubali kuwahi kufanya ngono na mwanaume mwenzao, wa kompyuta yenye sauti 5.5%. Na karatasi hizo walijaza wenyewe, hakuna aliyewauliza kwa mdomo!

Sasa tulipokosea. Mwanzoni nilikuwa nakaa nyuma ya mhojiwa eti nimsaidie akikwama, dada mmoja kila swali anageuka kuniangalia, mwishowe akabonyeza hapana hapana hapana mpaka mwisho, kamaliza kwa dakika nne dodoso la dakika ishirini. Kosa langu kabisa, kioo cha kishikwambi nilikuwa nakiona. Tangu hapo nakaa mbele yake, naona mgongo wa kishikwambi tu, na kila dodoso naangalia limechukua muda gani.

Wanaoishi chumba kimoja ndio kazi ngumu zaidi, maana hedifoni inaficha swali lakini haifichi uso, na mume akiwa mlangoni akamwona mkewe kabadilika sura lazima atauliza umeulizwa nini. Tafuta sehemu nyingine, hata kama siku itaisha na madodoso machache.

Anzeni na maswali mepesi ya mazoezi azoee kubonyeza, wekeni na kitufe cha sitaki kujibu, na sauti irekodiwe kwa lugha wanayoongea mtaani sio ya ofisini.

Halafu kitu kinachoniuma mpaka leo: mtu anaweza kukiri kwenye kioo kwamba anapigwa nyumbani, akavua hedifoni, akakushukuru na kuondoka, na wewe hujui chochote. Kwa hiyo sisi kila mhojiwa, awe amejibu nini, anaambiwa mwishoni wapi pa kupata msaada, na tunamwambia kwa mdomo.